Kucharaza gitare bila kupotea: hesabu kwa "mo-ja, mbi-li, ta-tu, i-ne"

Maswali ni yale yale kila wiki. "Yaya, akori ninazijua zote, mbona wimbo hautoki?" "Mkono unakwenda vizuri, nikianza tu kuimba unasimama." "Wenzangu wanasema nakimbia." Anayeuliza anaweza kuwa kijana wa kwaya kule Katuba, mama aliyemnunulia mtoto gitare kwenye soko la Kenya (Kenya yetu, komine ya hapa Lubumbashi), au papa mstaafu ambaye sasa ndiyo amepata nafasi ya kujifunza. Karibu mara zote vidole vya kushoto havina kosa. Shida iko mkono wa kulia, na ukiufuatilia huo mkono utakuta shida inaanzia mdomoni: mtu hahesabu kabisa, au anahesabu kwa namna isiyoshikana na mkono wake.

Hapa tutashughulika na hilo tu. Akori (noti kadhaa zinazolia pamoja) utajifunza kwingine, solo utajifunza baadaye sana. Ukiwa na ukulele, mandolini, au banjo ya bidoni uliyojitengenezea, endelea kusoma, maana mkono ni ule ule.

Jambo moja kwanza, kwa sababu ndilo linalowaharibia wengi. Mbinu za gitare tulizozipata kwa Kifaransa zinafundisha kuhesabu "un et deux et trois et quatre et". Mtu anageuza: "moja na mbili na tatu na ine na". Inaonekana sawa, ila jaribu kuisema kwa sauti huku mkono ukishuka na kupanda. "Un et" ni silabi mbili, moja ya kushuka na moja ya kupanda. "Moja na" ni silabi tatu. Mkono unafanya safari mbili, mdomo unasema vitu vitatu, na hapo ugomvi unaanza. Mwanafunzi anadhani hana sikio la muziki.

Dawa yake ni kuacha ile "na". Nambari zetu zimejigawa zenyewe: mo-ja, mbi-li, ta-tu, i-ne. Kila moja ina silabi mbili, na ile ya kwanza ndiyo nzito. Ya kwanza mkono unashuka, ya pili mkono unapanda. Ukisema "moya" kama tunavyosema mtaani, hakuna kinachoharibika. Ila ya nne iseme "ine", usiseme "nne" ya shuleni: "nne" nayo ni silabi mbili, lakini hiyo n ya mwanzo haina sauti ya kushika pigo. Ile "na" usiitupe mbali, tutaihitaji kwenye hatua ya nane.

Unachohitaji

Gitare yoyote yenye nyuzi sita zilizotiunwa, yaani zilizokazwa mpaka kila moja itoe noti yake: mi, la, re, sol, si, mi. Ubao ukiwa wa bei ya chini si neno, lakini isiyotiunwa itakuchosha masikio kabla ya mkono.

Mediatori laini, kile kipande kidogo cha plastiki cha kucharazia. Zile nene ngumu ni za watu wa solo. Kwa anayeanza zinakwama kwenye nyuzi. Ukikosa, tumia ukucha wa kidole cha shahada kushuka na nyama ya kidole hicho hicho kupanda.

Kiti kisicho na mikono ya pembeni. Kiti cha plastiki cha nyumbani chenye mikono kitakuzuia kiwiko.

Programu ya metronomu (inayotoa mlio kwa mwendo ule ule) kwenye simu, ambayo ukishaipakua haihitaji intaneti. Simu ikizima, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde unaolia inatosha: hiyo ni 60 kwa dakika kamili. Na kama kuna mdogo wako nyumbani, mpe chupa ya soda tupu na kijiko. Kwenye rekodi za zamani za gitare za Katanga, zile za miaka ya 1950, mara nyingi utasikia chupa ikigongwa nyuma ya mwimbaji, na hiyo ndiyo iliyokuwa inashikilia mwendo wote.

Akori mbili tu, sol na do kwa mfano. Nazo tutazikaribia kwenye hatua ya tano, si kabla.

Hatua

1. Weka gitare chini, hesabu kwa mdomo na mguu. Kaa, nyayo zote mbili sakafuni. Sema "mo-ja, mbi-li, ta-tu, i-ne" ukizunguka bila kupumzika kati ya "ne" na "mo". Mguu wa kulia unagonga sakafu kwenye mo, mbi, ta, i. Unanyanyuka kwenye ja, li, tu, ne. Sauti itoke. Kuhesabu kimoyomoyo ni kwa watu waliokwisha kuzoea, wewe bado. Fanya hivyo mpaka uweze kumwitikia mtu anayekusalimu mlangoni, kwa kichwa tu, mguu ukiendelea.

Kosa la hapa ni kuvuta "ine" iwe ndefu: "mo-ja, mbi-li, ta-tu, iiii-ne". Tunafanya hivyo kwa sababu tulizoea kuhesabu vitu na kumaliza. Hapa hakuna kumaliza. Ine inaingia moja kwa moja kwenye moja.

2. Mkono kwenye paja. Mguu unaendelea. Sasa mkono wa kulia, vidole vikiwa vimelegea, unafagia paja: chini kwenye mo, juu kwenye ja, chini mbi, juu li. Tazama mguu na mkono: vinashuka pamoja, vinapanda pamoja. Kama mkono unashuka wakati mguu unapanda, simama, anza upya polepole. Usiendelee na kosa hilo ukitumaini litajirekebisha.

3. Nyuzi zilizozibwa. Chukua gitare. Mkono wa kushoto ulalie nyuzi zote bila kuzibonyeza, ili ukicharaza itoke "chak" bila noti. Sasa charaza silabi zote nane: chini, juu, chini, juu, chini, juu, chini, juu. Kiganja ndicho kinachozunguka, kama mtu anayekung'uta maji mkononi. Kiwiko kinafuata kidogo tu. Ukicharaza kwa bega, baada ya nyimbo mbili utakuwa umechoka na mwendo utalegea.

Ukishuka, gusa nyuzi nne au tano, uzito ukiwa upande wa zile nene. Ukipanda, gusa mbili au tatu nyembamba tu. Anayeanza hujilazimisha kupiga zote sita akipanda, mediatori inakwama, mkono unachelewa, hesabu inakufa. Hakuna anayekudai nyuzi sita kwenye kupanda.

4. Kuacha bila kusimama. Hii ndiyo hatua yenyewe. Zilizotangulia zilikuwa za kuifikia hii, na nyingine zote zinaitegemea. Ukiwa na mwezi mmoja tu wa kujifunza, utumie mwingi hapa.

Aina zote za kucharaza zinatokana na zile silabi nane. Hubuni mwendo mpya wa mkono kwa kila wimbo; mkono unakwenda chini-juu, chini-juu daima, ila kuna silabi unazigusa na kuna silabi unazipita hewani. Umewahi kuona mama wawili wakitwanga sombe kwenye kinu kimoja? Mchi unaopanda haupigi kitu, lakini ukichelewa kupanda, wa mwenzako unakukuta njiani. Mkono wa gitare una sheria hiyo hiyo: safari ya hewani ina muda wake kamili, sawa na ile inayolia.

Anza na huu. Herufi kubwa ni kugusa, mabano ni kupita hewani:

MO (ja) MBI (li) TA (tu) I (ne)

Chini nne tu. Mkono unapanda kila mara, haugusi. Rahisi, lakini tazama: wengi wakishapiga MO wanauacha mkono chini, wanaurudisha juu mbio mbio dakika ya mwisho. Sikio halitasikia kosa sasa hivi. Utalisikia kwenye mpigo unaofuata:

MO (ja) MBI LI (ta) TU I NE

Huu ndio mpigo utakaokupeleka kwenye nyimbo nyingi kuliko mwingine wowote, za kanisani na za mtaani. Ukisomwa kwa mkono: chini, pita, chini, juu, PITA, juu, chini, juu. Mahali pa hatari ni hiyo "ta". Mkono lazima ushuke kwenye "ta" bila kugusa, halafu upande na kugusa kwenye TU. Asiyehesabu anaukuta mkono uko juu baada ya LI, anasita, kisha anabahatisha. Anayesema silabi anajua: "ta" ni ya kushuka, kwa hiyo nashuka, hewani.

Mbinu ya kuushika: sema silabi zote nane kwa sauti, lakini zile za kupita ziseme kwa kunong'ona. Mdomo ukinong'ona, mkono unajifunza kutogusa. Nimewaona watoto wa miaka kumi wakiupata mpigo huu kwa kunong'ona, jioni moja, wakati watu wazima waliouandika kwa mishale kwenye karatasi bado wanahangaika nao. Mishale inakwambia mkono uelekee wapi, haikuambii lini.

Ukishaushika, ongeza uzito. MBI na I zipige kwa nguvu zaidi kidogo kuliko MO. Ghafla itaanza kucheza.

Kosa kubwa la hatua hii: kubadilisha mwelekeo ili "kurahisisha", yaani kupiga TU kwa kushuka kwa sababu ndipo mkono ulipo. Ukiruhusu mara moja, kila wimbo utakuwa na mkono wake wa ajabu, na siku ukitakiwa kuongeza mwendo utashindwa bila kujua kwa nini. Silabi ya kwanza chini, ya pili juu. Sheria hiyo inabaki mpaka ufike kwenye nyimbo za tatu-tatu.

5. Ingiza akori mbili. Sol mizunguko miwili, do mizunguko miwili, kwa mpigo wa chini nne. Halafu kwa ule mrefu. Siri iko kwenye NE: hiyo ndiyo silabi ya kuhama. Vidole vya kushoto viondoke kwenye NE, mkono wa kulia uendelee kucharaza hata kama nyuzi ziko wazi, na vidole vitue kwenye MO. Hiyo sauti ya nyuzi wazi kwenye NE haiharibu kitu. Sikiliza wapigaji wazuri, nao wanaiacha itoke.

Vidole visipowahi MO, charaza hivyo hivyo. Akori mbovu kwenye wakati wake, wasikilizaji wataisamehe. Akori safi iliyochelewa inaiangusha kwaya nzima. Wanafunzi hawaamini hili mpaka wapige na watu. Kuna kijana mmoja alikuwa anajua akori za nyimbo nyingi kuliko nilizojua mimi nilipokuwa na umri wake, lakini kila akihama, mguu wake ulikuwa unasimama hewani, kabisa, kama umegandishwa, mpaka kidole cha pete kipate uzi. Nilimwambia asinitazame mimi wala vidole, autazame mguu. Wiki iliyofuata akori zake zilikuwa chafu zaidi, na kwa mara ya kwanza watu waliweza kuimba naye.

6. Metronomu. Weka 60. Mlio mmoja ni mo, unaofuata ni mbi, kisha ta, kisha i. Silabi za kupanda utazitia mwenyewe katikati. Ukipiga mizunguko kumi bila kuhangaika, panda kwa nne nne au sita sita: 66, 72, 76. Nyimbo nyingi za kutembea taratibu ziko kati ya 70 na 100, hivyo huhitaji kukimbilia 140.

Ukipiga vizuri, mlio wa metronomu utapotea, utadhani simu imezima. Haijazima. Pigo lako limeufunika, na hapo ndipo pahali pake. Ukiusikia kila mara, ama uko mbele yake ama uko nyuma.

Baadaye, shusha mpaka 40 na uhesabu mlio kuwa mbi na i tu. Ni kazi ngumu kuliko mwendo wa haraka, na inakuonyesha bila huruma kama mapigo yaliyo ndani yako ni yako mwenyewe au ni ya simu. Na ukisikiliza kwa spika ya bluetooth, usitazame taa inayowaka kwenye simu: sauti inachelewa kidogo nyuma ya taa, utachanganyikiwa. Fuata sikio.

7. Kuimba juu yake. Usianze na maneno. Charaza na kusema silabi, kisha charaza na kuvuma tuni kwa "mmm" huku mguu ukichukua kazi ya kuhesabu, kisha maneno. Watu wanaruka ngazi ya katikati halafu wanasema hawana kipaji.

Tafuta kwanza neno gani la wimbo liko kwenye MO. Mara nyingi si neno la kwanza. Nyimbo nyingi zinaanza kabla, kwenye I au kwenye TU, na neno zito la mstari ndilo linaloangukia MO. Njia ya kulipata: sikiliza mahali akori inapobadilika, au besi inapotua. Kwa kawaida hapo ndipo.

Kama uko kwenye kwaya inayosoma tonik-solfa (noti zinazoandikwa kwa herufi: d, r, m), tayari una ramani mkononi. Nukta mbili (:) ni mpaka wa pigo na pigo, mstari wima uko mbele ya pigo zito, na nukta moja katikati inakata pigo nusu kwa nusu. Kilicho kabla ya nukta hiyo ni mo, kilicho baada yake ni ja. Andika silabi kwa kalamu ya risasi juu ya mstari wa kwanza tu, inatosha.

8. Nyimbo za tatu. Hapa kuna aina mbili, na ndipo ile "na" tuliyoiweka pembeni inarudi.

Ya kwanza ni ya valsi: mo-ja, mbi-li, ta-tu, halafu unarudi mo. Piga uzi mnene kwenye MO, charaza chini kwenye MBI na TA. Kwisha.

Ya pili ina mapigo mawili makubwa, kila moja limekatwa mara tatu: MO-ja-na, MBI-li-na. Tamka sasa, utasikia inabembea. Aina zote mbili zina silabi sita kwa mzunguko, ndiyo maana watu wanazichanganya, lakini zile sita zimepangwa tofauti: mbili mbili mara tatu, au tatu tatu mara mbili. Ukiwa na shaka, mwambie mtu atembee kwa wimbo huo. Kama hatua za miguu zinaanguka vizuri kushoto-kulia, ni moja-na mbili-na.

Kwa wimbo wa polepole, piga zote sita kwa kushuka, uzito kwenye MO na MBI. Ukiongeza mwendo, shuka kwenye MO, pita "ja", panda kwenye NA. Shuka kwenye MBI, pita "li", panda kwenye NA. Sheria ya silabi ya pili kuwa juu haifanyi kazi hapa, inayopanda ni ya tatu.

9. Za kucheza. Kwenye wimbo wa haraka, hasa ukifika seben (sehemu ya mwisho ya kuchezea, gitare zinapochukua nafasi), gitare ya akompa, ile inayosindikiza, inaweka mipigo minne kwa kila pigo la mguu. Rudia kila nambari: moja-moja, mbili-mbili, tatu-tatu, ine-ine. Mguu unagonga mara moja tu kwa kila jozi, mkono unashuka mara mbili na kupanda mara mbili. Anza tena 50, nyuzi zikiwa zimezibwa, usione aibu.

Na kuna kipigo kimoja ambacho mtu wa Kongo akitaka kupiga rumba lazima kikae mwilini. Utakisikia kikigongwa kwenye ukingo wa ngoma ndogo au kwa vijiti. Kinachukua mizunguko miwili, mapigo matatu kisha mawili:

MO (ja mbi) LI (ta tu) I (ne)
(mo ja) MBI (li) TA (tu i ne)

Kipige kwa makofi kwanza, ukisema silabi zote kumi na sita. Ugumu wake uko kwenye LI, ambayo iko katikati ya mapigo, na kwenye MO ya mzunguko wa pili, ambayo ni kimya. Mikono inataka sana kupiga hiyo MO. Iache. Ukikipeleka kwenye gitare, LI peke yake ndiyo ya kupanda, nyingine zote nne ni za kushuka. Kipigo hicho kilisafiri kwenda Kuba na kurudi kwetu kwenye sahani za santuri, na kiko ndani ya ile rumba ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili.

Wengine mtauliza: na ile gitare ya wazee wetu? Alichokifanya Mwenda wa Bayeke, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, si kucharaza. Alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, uzi mmoja mmoja. Lakini ukitaka kufika huko, hesabu ni hii hii: gumba lifanye kazi ya mguu kwenye nyuzi nene, mo, mbi, ta, i, na kidole cha shahada kijaze katikati. Shika hatua ya nne kwanza. Anayekimbilia gumba na kidole kabla mapigo hayajakaa anaishia kucheza vipande vizuri visivyoungana.

Ikigoma

*Nakimbia kwenye kiitikio.* Sauti ikipanda, mkono nao unapanda, ni kawaida. Cheza kiitikio kwa sauti ndogo kuliko beti kwa siku kadhaa, mguu ukigonga kwa nguvu. Halafu rudisha sauti, acha mguu ulivyo.

*Hesabu ni sawa, ila inasikika kama mashine.* Unapiga silabi zote kwa uzito mmoja. Rudi kwenye uzito wa MBI na I, na silabi za kupanda zipige kwa upole karibu na kuzificha.

*Mediatori inazunguka vidoleni.* Unaibana mno, au umeacha sehemu ndefu nje. Kitokeze kipande kidogo tu. Ikitumbukia ndani ya tundu, yumbisha gitare mpaka mediatori ije chini ya tundu, kisha igeuze na kuitikisa. Usiichokonoe kwa kisu.

*Mkono unauma.* Acha siku hiyo. Dakika kumi na tano kila jioni zinafaa kuliko saa tatu mfululizo za Jumamosi, na maumivu ya kiganja yanayorudi kila ukishika gitare si ya kuvumilia.

*Nikipotea katikati ya wimbo nifanye nini?* Usitafute silabi uliyopotea. Ziba nyuzi, acha mkono uendelee chini-juu kwa "chak", sikiliza besi, subiri MO inayofuata, ingia. Aliyekaa mstari wa pili hatajua.

*Mpiga ngoma na mimi hatukutani.* Muulize anahesabu mguu wapi. Mara nyingi yeye yuko kwenye moja-moja na wewe uko kwenye mo-ja, kila mmoja ana haki, ila mguu wako unakwenda mara mbili ya wake. Kubalianeni mguu kwanza, mikono baadaye.

*Tunaanza vibaya kila mara.* Kwa sababu anayeanzisha anahesabu haraka kuliko wimbo. Kabla ya kufungua mdomo, imba moyoni mstari mmoja wa kiitikio, maana hapo mwendo halisi ndipo unapokaa. Kisha hesabu mzunguko mzima kwa sauti, kwa mwendo huo huo. Kama wimbo unaanzia MO, hesabu hadi "ne". Kama unaanzia I, sema "mo-ja, mbi-li, ta-tu" halafu nyamaza, waimbaji waichukue I.